Mwongozaji wa mazishi yasiyo ya kidini: je, anaifaa familia yenye waumini na wasioamini?

Midahalo ya waumini na wasioamini Mungu ina kelele nyingi, lakini mwisho wake kila mtu hurudi kwake na msimamo wake. Panapouma kweli ni pale asiyeamini anapofariki katika ukoo unaosali. Mwili ni mmoja, saa ya kuzika ni moja, na kila upande unaona kwamba ukilegeza kamba utakuwa umemsaliti aliyekufa. Huduma inayopimwa hapa ipo kwa ajili ya saa hiyo: mwongozaji anayeandika na kuendesha mazishi bila sala, bila maandiko matakatifu na bila ahadi ya maisha mengine.

Alama, kwa mwenye haraka: nne kati ya tano kwa namna inavyomsimulia marehemu, mbili kwa namna inavyowabeba waumini waliokuja kuzika. Hizo mbili zinaweza kufika nne kama mteja anajua la kuomba, na sehemu kubwa ya tathmini hii inahusu hilo.

Waongozaji wako wa aina mbili, na wateja wengi huanza kukosea hapo. Wa kwanza ni mwongozaji wa kihumanisti. Huyu yuko chini ya chama cha watu wanaoshika maadili bila kumtegemea Mungu. Chama humfundisha, humpa ithibati na kumwekea kanuni za kazi, na ukiwa na lalamiko una mahali pa kulipeleka. Haongozi sala. Wa pili ni mwongozaji huru, ambaye wengine humwita wa kiraia. Huyu husoma chochote familia inachotaka, hata Zaburi ya 23 ikifuatiwa na shairi la kukana pepo.

Familia iliyogawanyika hukimbilia huyu wa pili ikidhani ndiye atakayewapatanisha. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba muumini anasikia sala ikisomwa kama tangazo, na mtu asiyeiamini; asiyeamini naye anaisikia kwenye mazishi ya mtu aliyeomba isisomwe. Wote wanaondoka na kinyongo. Pakiwa na mvutano, mwongozaji wa kihumanisti anayesema wazi asichokifanya ni salama kuliko anayekubali kila kitu. Mwongozaji huru anafaa pale marehemu mwenyewe alipokuwa katikati: hakuwa mtu wa ibada, lakini pia hakukana.

Kisheria mazishi ni mepesi kuliko ndoa. Scotland ilianza kuzitambua ndoa zinazofungishwa na wahumanisti mwaka 2005. England na Wales zilibaki nyuma: hata baada ya Mahakama Kuu kukiri mwaka 2020 kwamba sheria inaleta ubaguzi, wanandoa waliendelea kulazimika kupita pia kwa msajili wa serikali. Kwenye mazishi hakuna nchi yoyote kati ya hizo inayodai mtu mwenye leseni asimame mbele ya jeneza. Binti wa marehemu anaweza kuendesha shughuli yote mwenyewe. Kinacholipiwa, basi, ni uandishi, utulivu, na mtu asiye wa ukoo wa kubeba lawama. Hilo la mwisho halitajwi kwenye mkataba, ila ndilo linaloifanya ada iwe na maana.

Kazi huanza na simu. Mwongozaji mzuri huuliza mambo matatu kabla ya kuuliza marehemu alipenda muziki gani: aliacha maandishi yoyote kuhusu mazishi yake? Nani mwenye mamlaka ya kisheria juu ya mwili? Na nani katika familia ataumia zaidi kama hakutakuwa na sala? Asipouliza la tatu, mweleze bila kuulizwa.

Kikao cha familia huchukua saa moja hadi mbili. Watu watatu hadi sita wanatosha. Wakizidi, wenye sauti kubwa hutawala na wasifu unakuwa wa mtu mmoja aliyeutunga. Kosa linalojirudia ni kumwacha nje shangazi au kaka mkubwa mcha Mungu "ili tusivurugane". Asiposikika kikaoni atasikika makaburini, na kule hakuna namna ya kumjibu bila aibu. Aitwe, atoe kumbukumbu zake kama wengine, kisha aambiwe ana kwa ana kwamba hakutakuwa na sala na kwamba hayo ni maneno ya marehemu, si chuki ya waliobaki. Karatasi yenye mwandiko wa marehemu mwenyewe ikiwepo mezani, inafanya kazi kuliko hoja yoyote, kwa sababu wacha Mungu wengi wanaujua uzito wa wasia kuliko hata wasioamini.

Rasimu hutoka ndani ya siku moja hadi tatu. Isomwe kwa kalamu mbili. Ya kwanza isahihishe ukweli: majina, miaka, nani alizaliwa kabla ya nani, ndoa ya kwanza isisahauliwe. Ya pili iguse maneno ya imani. Masahihisho ya kalamu ya kwanza yakubaliwe yote; ya pili yapite kwa mtu mmoja mliyemteua. Bila mgawanyo huo rasimu huzunguka kwenye simu za watu kumi, na kila anayeipata huingiza "kwa neema" yake au hufuta ya mwenzake. Urefu upimwe kwa kusoma kwa sauti na saa mkononi. Ukurasa wa A4 wenye mistari iliyoachana hula dakika mbili hadi tatu kwa mwendo wa msibani, na msomaji akishindwa kujizuia kulia, zaidi.

Shughuli yenyewe ni dakika 20 hadi 40: kuingia kwa muziki, maneno ya kufungua, tafakari fupi juu ya uhai na kifo, wasifu, ukimya, kuaga mwili, maneno ya kufunga. Wasifu uchukue karibu nusu. Kwenye jengo la kuchomea maiti, muda uliokodiwa huhesabiwa tangu kundi linapoingia hadi linapotoka, hivyo nafasi ya dakika 40 inabakiza kama 25 za maneno. Jambo hili husahauliwa, na muda ukibana kinachokatwa kwanza ni ukimya, yaani kile pekee walichobakiziwa waumini.

Tuje kwenye lugha, maana hapa ndipo huduma hii hupata kazi ngumu inapoendeshwa kwa Kiswahili. Kiswahili cha msibani kimejaa Mungu. "Marehemu" ni neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake aliyerehemiwa. Ukilitamka tu umeshamwombea mtu. "Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi" huwatoka hata wasiokanyaga nyumba ya ibada mwaka mzima. "Ametangulia mbele ya haki" ni mafundisho mazima ya dini kwa maneno manne. Mwongozaji mgeni katika kazi hufagia yote hayo na kubaki na maandishi makavu kama ripoti ya polisi. Anayejua kazi huchagua.

"Marehemu" liachwe. Limekwisha kuwa jina la kawaida la mtu aliyekufa, na juhudi za kulikwepa husikika kuliko neno lenyewe. Anayelikataa kabisa ana "hayati", linalotokana na neno la uhai, ingawa limezoeleka kwa watu mashuhuri na kwa mjomba fundi baiskeli linaweza kuonekana dhihaka. ("Mwendazake" limeshaingia siasa, lisiguswe.) "Amefariki dunia" linawafaa wote, kwa kuwa kiini chake ni kutengana, na hakuna aliyepo anayebisha kwamba wametengana. "Ametutoka" vilevile. "Pumzika kwa amani" lina sura mbili: muumini anasikia roho, asiyeamini anasikia maumivu yaliyokoma, na wote wanaweza kuliandika kwenye shada moja. Kinachoondolewa ni sentensi ambazo Mungu ndiye mtendaji wa kitenzi: ailaze, ampokee, amemchukua, amempenda zaidi. Tazameni mtendaji wa kitenzi, na nusu ya ubishi wa rasimu itakuwa imekwisha.

Kuna kosa la upande wa pili, na ni baya zaidi. Tafakari haipaswi kusema kwamba hakuna kinachofuata, kwamba pepo ni hadithi ya kuliwaza watoto, au kwamba marehemu "alijikomboa" na imani za wazazi wake. Wazazi hao wamekaa mstari wa mbele. Yapo mengi ya kusema ambayo hakuna upande unaoyakana: aliishi, alipenda, alikosea, aliacha kazi za mikono yake, na kiti chake hakitakaliwa naye tena. Mwongozaji anayetumia dakika tano kuthibitisha kwamba hakuna Mungu amehamishia mdahalo juu ya jeneza, na kwa hilo anyimwe alama zote, hata kama ameandika wasifu wa kutoa machozi. Walio hatarini zaidi kuteleza hapo ni wale waliotoka kwenye dini karibuni na hawajapoa.

Kipengele bora cha huduma nzima ni ukimya. Mazishi ya kihumanisti kwa kawaida hutenga muda ambapo anayetaka kukumbuka akumbuke, na anayetaka kusali asali moyoni. Kwenye ratiba huandikwa dakika moja. Mwongozaji mwenye wasiwasi huhesabu sekunde 20 na kuendelea, kwa sababu ukimya mbele ya watu mia humtisha anayeusimamia kuliko wanaokaa ndani yake. Sekunde 20 hazitoshi. Alfatiha ina aya saba, na kuisoma kimoyomoyo bila kukimbia huchukua karibu nusu dakika. Baba Yetu ni hivyo hivyo. Na mfiwa anahitaji kuvuta pumzi kabla na baada. Ombeni sekunde 90, ziandikwe kwa tarakimu kwenye rasimu, na mtu mwingine asiye mwongozaji ashike saa.

Mahali pa ukimya ni baada ya wasifu, si mwanzoni watu wakiwa bado wanatafuta viti. Muziki wa chini humsaidia asiyezoea ukimya lakini humkera anayesali. Mkishindwa kuamua, acheni bila muziki. Na sentensi ya kuufungua iwataje waumini. "Wenye imani, huu ni muda wenu wa kusali" ni bora mara nyingi kuliko "kila mmoja atafakari kwa namna yake". Hiyo ya pili haimkosei mtu, lakini hakuna anayejisikia kuwa ameitwa.

Kinachoharibika zaidi ni kipaza sauti. Mtu anasimama bila kuitwa, anaanza sala, nusu ya ukumbi inainama na nusu inatazamana. Mwongozaji akimkatiza, waumini wote wamekatizwa. Akimwachia dakika kumi, mazishi yamebadilika mikononi mwake. Dawa huandaliwa siku za kabla, nayo ni kumpa mtu huyo nafasi halali mahali pengine. Nafasi ziko tatu: nyumbani usiku wa kuamkia maziko, ambako kila mtu asali atakavyo, baada ya maneno ya kufunga, mwongozaji akiwa ameshatangaza kwamba shughuli imekwisha na amesogea kando, au ibada ya siku nyingine katika nyumba ya ibada. Ya pili ndiyo hukubalika kwa urahisi zaidi, kwa kuwa kaburi bado liko wazi mbele yao. Iandikwe kwenye ratiba ya ndani kwa jina la atakayeongoza, la sivyo wataongoza watatu. Na mtu akisimama bila mpango hata baada ya hayo, mwongozaji asubiri "amina", amshukuru kwa jina, arudi kwenye mstari aliouacha. Asiombe radhi kwa wasioamini. Watu wazima wanaweza kuvumilia sala fupi.

Mambo madogo yaulizwe mapema. Ukumbi wenye msalaba: mara nyingi unaweza kuondolewa au kufunikwa, lakini si asubuhi ya siku yenyewe. Wimbo wa dini alioupenda marehemu tangu kwaya ya utotoni: waongozaji wengine wa kihumanisti hukubali mmoja kama kumbukumbu, wengine hukataa kabisa, na hakuna haja ya kulijua hilo jeneza likiwa mlangoni. Watoto: wasiambiwe na babu kwamba mama yuko mbinguni na baba kwamba mama hayupo popote, ndani ya saa moja. Wakubwa wakubaliane sentensi moja ya ukweli ambao wote wanaukubali, kwamba amekufa na mwili wake hausikii maumivu, kisha kila mmoja aseme "mimi naamini" kwa lake.

Pale huduma inaposhindwa kabisa ni kwenye muda na mwili. Uislamu na Uyahudi husisitiza kuzika haraka, wakati mwongozaji anahitaji siku mbili tatu kuandika kitu cha maana. Kuchoma maiti kumekatazwa katika Uislamu, na Kanisa la Orthodox halikukubali. Kanisa Katoliki limeruhusu tangu 1963, lakini maelekezo yake ya 2016 yanakataza kuyatawanya majivu. Kwa hiyo mpango wa kumwaga majivu baharini, ambao kwa asiyeamini ni jambo la mandhari tu, kwa mama yake Mkatoliki ni jeraha ambalo hakuna mwongozaji mwenye maneno ya kulifunika.

Wala familia isidhani kwamba kiongozi wa dini ataziba pengo akiombwa kwa heshima. Swala ya maiti, yenye takbira nne na isiyo na rukuu wala sijda, ni ya kumwombea Muislamu. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 1184, inawanyima mazishi ya kanisa walioikana imani waziwazi wasioonyesha dalili ya toba kabla ya kufa. Watu hudhani asiyeamini ndiye aliyeikataa dini na dini bado inamsubiri mlangoni. Inaweza kuwa nayo imemkataa. Ukoo ukilijua hilo mapema kutoka kwa padri au sheikh wake wenyewe, hasira nyingi zinazomwangukia mjane huisha.

Suluhisho linalofanya kazi ni kutenganisha mwili na maneno. Maziko yawe mafupi na ya mapema, kisha hafla ya kumbukumbu bila jeneza wiki mbili hadi sita baadaye, ambako mwongozaji anakuwa na muda wa kuandika vizuri na hakuna wa kugombea kaburi. Hapa ndipo huduma hii inapata zile alama nne. Wafiwa wamelala, walioko mbali wamefika, na waumini huja kusikiliza bila kuhisi kwamba roho ya mtu iko hatarini kwa kila dakika inayopita bila dua.

Linabaki swali la maziko hayo mafupi: yawe ya nani? Waumini husema, yeye hakuamini chochote baada ya kifo, basi haimdhuru tukimsalia. Hoja hiyo ina nguvu kuliko wasioamini wanavyopenda kukiri. Jibu lake si kwamba marehemu ataumia. Jibu ni kwamba mazishi hutangaza mtu alikuwa nani, na kumtangaza muumini mbele ya waliomjua ni kusema uongo juu yake. Ila upanga huo una makali mawili: aliyezoea kusema "nikifa fanyeni mtakalo" na asiandike kitu, ameiruhusu sala, na watoto wake wasioamini hawana sababu ya kupigana kwa niaba yake.

Kuandika nako kuna mtego. Mwaka 1882 mahakama ya England, katika kesi ya Williams dhidi ya Williams, iliamua kwamba maiti si mali, hivyo mtu hawezi kuugawa mwili wake kwa wosia. Henry Crookenden alikuwa ameagiza mwili wake akabidhiwe rafiki yake auchome. Familia ikamzika. Rafiki huyo baadaye aliufukua, akauchoma nchini Italia, akadai arudishiwe gharama, akashindwa. Mwenye neno, ilisema mahakama, ni msimamizi aliyetajwa kwenye wosia, na msimamo huo uliathiri nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza. Maana yake kwa mteja ni hii: matakwa ya mazishi hayana meno peke yake, yana meno kama msimamizi wa mirathi uliyemchagua anakubaliana nayo. Usimteue kaka mchungaji kwa heshima kisha utarajie akuzike bila sala.

Karatasi yenyewe iwe ukurasa mmoja, nje ya wosia, kwa kuwa wosia mara nyingi hufunguliwa watu wakiwa wameshatoka makaburini. Itaje nani aongoze, kuzikwa au kuchomwa, kipi kisisomwe, na waumini waruhusiwe nini. Kipengele cha nne huachwa wazi karibu kila mara, wakati mstari mmoja tu kama "mama asali kaburini baada ya shughuli, kwa muda atakao" unamaliza ugomvi ambao vikao vitatu haviwezi kuumaliza. Nakala ziwe mbili: moja kwa msimamizi, nyingine kwa muumini mmoja wa familia, ili siku ya siku asije akasema imetungwa.

Kabla ya kulipa chochote, muulize mwongozaji swali moja kwenye simu: mtu akisimama katikati ya shughuli na kuanza kusali, unafanya nini? Akikujibu kwa hatua, mpe kazi. Akikwambia hilo haliwezi kutokea kwake, piga namba inayofuata.